Fundi Kwanza, Gari Baadaye: Namna ya Kupata Gari la Kambi Dar es Salaam

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kununua Hiace, au gari linalofanana nalo, kisha kulipeleka kwa fundi ligeuzwe kuwa gari la kambi: lenye kitanda, jiko dogo, maji na umeme wake, gari linaloweza kuondoka Ubungo alfajiri na usiku likalala Mikumi, Lushoto au ufukweni Saadani bila mwenyewe kuhangaika kutafuta nyumba ya wageni. Wengi hununua gari kwanza, halafu ndipo wakamtafuta fundi. Mimi nashauri kinyume chake, na kwa dhati kabisa: mtafute fundi kwanza, mweleze safari unazokusudia, na usilipie gari lolote kabla yeye hajaingia ndani na futi yake akalipima.

Nilijifunza hivyo kwa gharama. Gari langu la kwanza lilikuwa Hiace ya bodi nyembamba, zima, safi, lenye injini tulivu, na nililinunua kwa sababu hizo tu. Fundi niliyempelekea aliingia, akapima upana, akapima urefu, akatoka na kuniambia kwa upole, "Mama, gari ni zima, lakini baba humu atalala amekunja magoti." Bodi nyembamba ya Hiace za kizazi kilichoanza mwaka 2004 ina upana wa ndani wa milimita 1,545 hivi, kwa hiyo mtu mzima hawezi kulala kwa kukingama. Ikabidi kitanda kiwekwe kwa urefu wa gari, na kwa kuwa sakafu ya mzigo ilikuwa na mita tatu tu, kitanda kilikula karibu theluthi mbili za nafasi yote. Jiko lilibanwa mlangoni. Hakuna ufundi wa mbao uliokuwa na uwezo wa kurekebisha kosa hilo.

Kabla ya kumwendea fundi, andika ukurasa mmoja unaojibu maswali machache kwa ukweli. Mtalala wangapi, na mrefu kuliko wote ana sentimita ngapi? Mtakaa siku ngapi mfululizo mahali pasipo na umeme wa Tanesco? Je, gari hilohilo ndilo litakalokupeleka kazini Jumatatu na kutafuta maegesho Kariakoo? Watoto watakaa wapi gari likiwa mwendoni? Swali hili la mwisho husahaulika mno, na baadaye watoto hujikuta wameketi juu ya benchi la mbao lisilo na mkanda. Kiti cha abiria ni kile kilichofungwa kwenye chuma cha gari na kina mkanda wa usalama, na fundi anayekuambia kwamba benchi la kitanda linatosha kwa safari ya Iringa hafai kupewa kazi hii, hata kama mbao zake zinang'aa.

Kuchagua gari lenyewe

Kwa mazingira yetu, Hiace ndilo gari la kuanzia kulifikiria, na sababu yake ni vipuri: mtu aliyeharibikiwa Mafinga au Korogwe atapata fundi anayelijua na kifaa kinacholiingia. Nissan Caravan ni mshindani wa haki kabisa, ina umbo linalokaribiana nayo na mara nyingi bei yake ni nafuu zaidi. Noah inatosha kwa mtu mmoja au wawili wanaopikia nje na kulala ndani tu. Costa ina nafasi ya kutembea, lakini uzito wake wote unapita kilo 3,500, na chini ya sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari, gari la uzito huo linapaswa kupita kwenye mizani za barabarani. Magari makubwa ya Ulaya yenye paa refu, kama Mercedes-Benz Sprinter, ni matamu kwa kazi hii kwa kuwa mtu husimama wima ndani yake, ila nisingemshauri mtu anayetegemea gereji za barabarani alichukue.

Ukiamua Hiace, tafuta bodi pana na ndefu yenye paa la juu. Kwa nje ina urefu wa milimita 5,380 na upana wa 1,880; ndani unapata takribani milimita 3,540 kwa 1,730, na kimo cha 1,635 hivi. Weka kitanda cha sentimita 190 kwa urefu, bado unabakiwa na zaidi ya mita moja na nusu kwa ajili ya jiko, kabati na mahali pa kubadilishia nguo. Mtu wa sentimita 170 ataendelea kuinama kidogo, lakini hatahitaji kukata paa, na kuepuka kukata paa ni kuepuka nusu ya matatizo ya uvujaji.

Kuhusu injini, fikiria mlima Kitonga na foleni ya Morogoro kwa pamoja. Petroli ya lita 2.0 ni rahisi kuitunza, lakini ikibeba makabati, maji na watu wanne itapanda Kitonga kwa kulalamika. Ile ya lita 2.7 ina nguvu ya kutosha. Dizeli ya lita 3.0 huvuta vizuri na hula mafuta kidogo, ila uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, na mlipe fundi apime nozeli kabla hujatoa fedha. Kama dizeli ni ya miaka ya karibuni na ina kichujio cha moshi, jua kwamba kichujio hicho hujisafisha vizuri gari linapokwenda mwendo mrefu wenye joto. Gari la kutambaa Tegeta hadi Posta kila siku litakiziba mapema.

Gari la mizigo lisilo na vioo pembeni ni bora kuliko lile la abiria lenye vioo kila upande. Kioo huingiza joto, humwonyesha mwizi kilichomo ndani, na humnyima fundi ukuta wa kufungia kabati. Walio na gari la abiria tayari wasikate tamaa, kwa sababu faida yake ni kwamba sehemu za kufungia viti na mikanda tayari zipo kwenye sakafu.

Kutu ndiyo adui anayestahili saa nzima ya ukaguzi. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, hasa Hokkaido, hupita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na yakifika hapa hukutana na hewa yetu ya bahari. Kama unaagiza mwenyewe, omba karatasi ya mnada wa magari wa Japani, yenye matokeo ya ukaguzi wa gari, na uisome: herufi S huonyesha kutu, C huonyesha kutu iliyokula chuma, W huonyesha mahali palipowahi kunyooshwa, na daraja la R humaanisha gari lilipata ajali likatengenezwa. Kama unanunua mkononi, leta tochi, lala chini, angalia chesisi, ngazi za milango, matao ya magurudumu, mfereji wa paa na eneo la tairi la akiba. Gonga kwa kifundo cha kidole. Chuma kilichojazwa lipu hakina mlio wa chuma. Wala usidanganywe na namba. Watu husema gari ni "namba E" kana kwamba ni jipya, ilhali herufi hiyo inaonyesha kipindi liliposajiliwa Tanzania na haisemi lilitengenezwa lini.

Kwenye ushuru nitapita haraka. Ingiza aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika kilichopo katika tovuti ya TRA kabla ya kuagiza, kwa kuwa umri wa gari huongeza kodi, na gari la mizigo na la abiria huenda yasitozwe sawa.

Uzito unaosahaulika

Hiace nyingi za mizigo zina uwezo wa kubeba takribani tani moja, na mtu husikia hivyo akaona ni nyingi. Hesabu kidogo. Bao moja la marine board, yaani ubao wa tabaka unaostahimili maji, la futi nane kwa nne lenye unene wa milimita 18 lina kilo zinazokaribia 30. Lile la milimita 12 lina kama 20. Fundi wa samani aliyezoea kutengeneza makabati ya nyumbani atatumia mbao sita za milimita 18 bila kufikiri, na hapo umeshabeba kilo 180 kabla ya kitanda. Ongeza maji lita 80, ambazo ni kilo 80, betri mbili za asidi zenye kilo zinazokaribia 30 kila moja, mtungi, friji, vyombo, na watu wanne. Mafundi wa Keko ni hodari kweli, nami makabati yangu ya nyumbani yote yametoka kwao, lakini kabati la gari linatakiwa liwe jepesi, lifungwe kwa skrubu na gundi ili listahimili mtikisiko, na milango yake iwe na komeo linalojifunga lenyewe. Mninga utumike kwenye ukingo tu, kwa uzuri wake. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, usiikubali hata kidogo, kwa sababu unyevu wa Dar es Salaam huivimbisha.

Yapo mambo mengine mawili ambayo uzito huyagusa. Hifadhi za taifa hupanga ada ya kuingiza gari kwa kufuata uzito wa gari likiwa tupu, kwa hiyo kilo za makabati zinaweza kukupandisha kundi. Pia, uzito ukikaa upande mmoja, springi za upande huo hulegea mapema na gari huvuta usukani. Mwambie fundi achore mahali pa kila kitu kizito, na tangi la maji likae chini, karibu na katikati ya magurudumu.

Kumpima fundi

Dar es Salaam ina mafundi wa kila sehemu ya kazi hii, ila ni nadra kuwakuta chini ya paa moja. Waseremala wako Keko, wachomeleaji na mafundi wa umeme wa magari wako Gerezani, sola na nyaya ziko Kariakoo, na washonaji wa viti wametawanyika mjini. Arusha kuna karakana zenye uzoefu mkubwa wa kurefusha Land Cruiser za watalii na kuzifanyia paa linaloinuka. Kama unalazimika kukata paa, uzoefu huo una thamani ya safari yake, kwa sababu wanajua kurudishia nguvu ya chuma kilichoondolewa. Lakini gari la kutazamia wanyama ni tofauti na gari la kuishi, na mtu anaweza kuwa bingwa wa la kwanza bila kuwahi kufikiria maji machafu ya jiko yanakwenda wapi.

Una njia mbili: karakana moja inayobeba dhamana ya kazi yote, au fundi mkuu anayewaleta wengine. Unaloweza kulikosea vibaya ni njia ya tatu, yaani kuwaajiri watano wewe mwenyewe, kila mmoja kwa siku yake. Seremala atapitisha skrubu kwenye waya wa fundi umeme, na hakuna atakayekubali kosa.

Ukishapata wawili au watatu, usiangalie picha za simuni. Omba kuliona gari walilotengeneza angalau masika moja yaliyopita, kwa kuwa mvua za Machi hadi Mei ndizo mtihani wa kweli. Fungua kabati la chini na ulinuse. Harufu ya ukungu ina maana maji yanaingia mahali fulani. Omba kuona nyuma ya ubao mmoja. Zungumza na mwenye gari bila fundi kuwepo, umuulize kilichoharibika kwanza na ilichukua siku ngapi kurekebishwa. Kisha angalia karakana yenyewe: gari lako litakaa wiki kadhaa likiwa limetobolewa paa, na kama hakuna banda la kulifunika, nawe unaanza kazi mwezi wa tatu, unajua kitakachotokea.

Jambo linalonionyesha ubora wa fundi haraka kuliko yote ni swali kuhusu matundu: baada ya kutoboa chuma, unafanya nini kabla ya kufunga? Anayejua kazi atakujibu bila kusita kwamba hukwangua, hupaka rangi ya kuzuia kutu ukingoni, huiacha ikauke, ndipo huweka silikoni. Anayeshangaa swali hilo amekuokolea fedha zako.

Umeme

Hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu ndipo hatari ilipo. Karakana moja iliniwekea waya kutoka kwenye betri hadi kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, bila fyuzi, na viungo vikafungwa kwa solotepu nyuma ya mbao. Tulipokaribia Chalinze tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilisimama kando ya barabara, watoto wakashuka, nikafungua nati ya betri kwa spana huku mikono ikinitetemeka. Skrubu ya kabati ilikuwa imekwaruza waya hadi ukagusa bodi. Fyuzi ya gharama ndogo, ikiwekwa karibu kabisa na kichwa cha betri, ingekata umeme papo hapo.

Kwa hiyo dai vitu hivi kwa maandishi: fyuzi kwenye kila waya unaotoka betri, nyaya zilizopita ndani ya bomba laini la kuzikinga, mpira kwenye kila tundu la chuma, na mchoro wa mfumo mzima. Unene wa waya ukokotolewe. Wati ukizigawa kwa volti unapata ampea, hivyo inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 83, mkondo ambao waya wa taa za nyumbani hauwezi kuubeba.

Ukubwa wa betri utokane na matumizi yako. Friji ndogo ya kompresa hutumia kama wati 50 inapofanya kazi, na kwa joto letu itafanya kazi zaidi ya nusu ya siku; feni, taa na simu zikiongezwa, utakaribia wati-saa 1,000 kwa siku. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inahifadhi kama 1,280 na unaweza kutumia sehemu yake kubwa, ilhali ya asidi ya ukubwa huohuo haipendi kuteremshwa chini ya nusu. Paneli ya wati 200 iliyolala juu ya paa, ikipata jua zuri, inaweza kurudisha wati-saa 700 hivi, na siku za mawingu pungufu sana. Kwa sababu hiyo ongeza chaja inayochukua umeme kutoka altaneta, yaani jenereta ya injini, wakati wa kuendesha. Kiyoyozi cha kulalia usiku kucha kwa betri ni ndoto ya gharama kubwa katika gari la ukubwa huu, kwani hula mamia ya wati-saa kwa kila saa. Feni ya paa ya volti 12, madirisha mawili yanayofunguka yenye wavu wa mbu, na gari jeupe lililoegeshwa kivulini vitakusaidia zaidi.

Joto, gesi na maji

Kinga ya joto ianzie paani, ambako jua linapiga. Tumia povu la mpira lenye vishimo vilivyofungwa, linalobanwa moja kwa moja kwenye chuma. Pamba ya kioo hunyonya unyevu na kuushikilia dhidi ya bodi. Kumbuka kwamba injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo eneo hilo lihitaji kinga yake, na viti viendelee kuinuka ili injini ifikike.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia sakafuni. Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye kisanduku kilichozibwa kutoka ndani ya gari, chenye tundu sakafuni la kuitoa nje. Kama fundi hataki kufanya hivyo, pikia nje. Maji yenyewe hayahitaji ufundi mkubwa: madumu mawili ya lita 20 na pampu ndogo hutosha wikendi, na husafishika kwa urahisi kuliko tangi lililofichwa.

Mkataba, karatasi na makabidhiano

Mkataba uandikwe hata kama fundi ni jirani. Uambatishwe na mchoro wenye vipimo, orodha ya vifaa kwa aina zake, tarehe, na muda wa dhamana. Lipa kwa awamu zinazofuata kazi iliyokamilika: vifaa vya kwanza, bodi na kinga, umeme, kisha samani. Dai risiti ya EFD, kwa kuwa ndiyo itakayothibitisha thamani ya gari kwa kampuni ya bima. Bima kubwa ya gari lililobadilishwa inahitaji mabadiliko yatajwe wazi. Yasipotajwa, siku ya moto au wizi utalipwa thamani ya gari tupu au usilipwe.

Kadi ya gari huonyesha aina ya bodi, idadi ya viti na uzito. Ukiondoa viti au kukata paa, peleka taarifa TRA ili kadi ilingane na gari, na lifanyiwe ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani. Askari wa barabarani anayekuta viti vinne penye kadi ya viti kumi na nne ana haki ya kuuliza.

Awamu ya mwisho ya malipo, isiyopungua sehemu moja ya tano ya gharama, ibaki mfukoni mwako hadi gari lijaribiwe. Lipeleke kwanza sehemu ya kuoshea magari limwagiwe maji ya nguvu kwa dakika kumi huku wewe ukiwa ndani na tochi. Lipime kwenye mizani likiwa limejaa maji, gesi na mizigo, ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye kadi. Kisha nenda Bagamoyo, kama kilomita 70, upitie kipande kimoja cha barabara ya vumbi, ulale usiku mmoja friji ikiwa inafanya kazi. Asubuhi andika kila mlango uliofunguka wenyewe, kila skrubu iliyolegea na kiasi cha umeme kilichobaki kwenye betri, mpelekee fundi orodha hiyo, na mchoro wa nyaya ubandikwe ndani ya mlango wa kabati la betri kabla hujamkabidhi fedha zilizobaki.